Pima ya Mama na Pima ya Mama Mkubwa

Kamba ya magome ikianikwa juani hutoa harufu chungu kidogo, na hadi leo nikiisikia naiona Songea ya mwaka ule baada ya Maji Maji. Baba alikuwa amenyongwa na Wadachi, maghala yamechomwa, njaa imeingia kila nyumba. Kwetu lilibaki shamba moja, lililoteremka kutoka nyumba zetu mbili hadi mtoni. Mama alikuwa na mimi na mdogo wangu, aliyekwisha kuvimba miguu kwa njaa. Mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, alikuwa na watoto watatu. Jumbe wa kijiji aliwaamuru wajane hao waligawane shamba hilo sawasawa kabla hajarudi. Wakigombana, angempa mtu mwingine.

Mama mkubwa alikumbuka desturi ya zamani. Unachomeka mti mbele ya kila mlango, unafunga kwenye kila mti kamba moja, zote mbili ziwe sawa, unazivuta hadi ncha zikutane, hapo unapigilia kigingi. Kisha unazirefusha zote kiasi kilekile na kupigilia kingine. Kwa kuwa kila kigingi kiko umbali sawa kutoka milango yote miwili, vyote hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kila mmoja alipima kamba yake kwa pima, yaani mikono yote miwili ikinyooshwa: kumi, ishirini, arobaini. Walihesabu kwa sauti, asije mtu akasema amepunjwa.

Nilisimama nyuma ya kigingi cha kwanza, nikafumba jicho moja. Mstari ulikuwa umepinda kuelekea kwa mama mkubwa, na kadiri ulivyokaribia mto ndivyo ulivyozidi kumla. Udongo mweusi wenye unyevu ulikuwa wetu karibu wote. Nikawatazama. Mama alikuwa mrefu. Mama mkubwa alimfika begani.

Nilifurahi kwa kuligundua kosa, ujinga wa utoto huo. “Mama, pima yako ni ndefu kuliko ya mama mkubwa!”

Mama mkubwa aliitazama mikono yake. “Umeona vema, mwanangu,” alisema taratibu.

Mama hakunitazama. Alifungua kamba yake akamkabidhi mwenzake. “Dada, pima wewe zote mbili.”

Safari hii vigingi vilinyooka. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga; yetu haikufika hata mtoni. Tulikula mizizi ya porini hadi mavuno, na mdogo wangu aliponea chupuchupu.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, mama aliniambia, “Nilijua tangu kigingi cha pili. Nilikuwa naomba tu usione.”

Sasa wajukuu wangu wanasoma kwa mapadri. Mwalimu huwachorea ubaoni mstari uleule, na anayeona kosa hupigiwa makofi. Nami huwapigia wakinisimulia. Lakini nimelea watoto saba, nimesikia mtoto anavyolia akikosa uji, na nakiri: ningekuwa mimi mwenye mikono mirefu siku ile, ningemziba binti yangu mdomo.