Mahari ya Viza

Kumbe kuna serikali zinatoza mahari kwa binti wa mtu mwingine!

Leo Neema wangu amenyimwa viza ya kumfuata mumewe Ulaya. Ada hairudishwi. Mkwe kabeba sana maboksi huko ili ailipe.

Nikafoka palepale steshenari tulikosomewa jibu. Mama Juma mwenye duka akanichomekea, "Baba Neema, kwani wewe hukula ng'ombe wa mkweo?"

Watu wakacheka.

Nikamjibu, "Nilikula, ila mke nilimpa. Ningemnyima, ningerudisha ng'ombe pamoja na ndama."

Hao wakubwa wamekula, na mke wamemnyima.

Haya semeni, nimekosea wapi?

Mimi nalala peke yangu kwa sababu mke wangu alikufa. Mkwe wangu je? Wa kwake yupo hapa Singe, anachambua mboga.