Mume wangu alimtaja mtoto wetu kwenye mdahalo wa udiwani

Admin, habari za kazi. Naomba ufiche jina langu, ingawa najua watu wa kata yetu wakisoma mpaka katikati watanijua. Wanijue tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naishi Bagamoyo, upande wa kuelekea Mbegani. Nashona nguo nyumbani, nina mume na watoto wawili. Mume wangu anagombea udiwani. Anayeshindana naye ni muuguzi mstaafu wa zahanati yetu, hapa nitamwita Bi Mwana. Kwa watu wengine ni muuguzi, kwangu mimi ni kungwi wangu, mwenyewe namwita somo. Yeye ndiye aliyenicheza unyago, akanifunda, akanikabidhi kwa mume wangu siku ya harusi. Wa pwani wenzangu mnaelewa. Kungwi unamwambia yale ambayo hata mama yako mzazi humwambii, na yakishaingia kwake hayatoki.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na mimba ya tatu. Uchungu ulianza asubuhi, damu ikawa nyingi. Bi Mwana, wakati huo bado yuko kazini, akaja nyumbani mwenyewe, akanipima, akasema hapa hapana mjadala, hospitali ya wilaya sasa hivi. Akapiga simu, gari la wagonjwa likaja mpaka mlangoni. Mume wangu alikuwa Chalinze kwenye shughuli zake. Alipopigiwa akajibu, "Mke wangu haondoki hapo mpaka nifike. Mkishamfikisha kule mtakubali apasuliwe." Mama mkwe akakaa mlangoni, akasema mwanawe ameshasema. Bi Mwana alibembeleza, akagomba, akabembeleza tena. Mwishowe gari likaitwa kwa mgonjwa mwingine, likaondoka. Mume wangu alifika alasiri. Mtoto alizaliwa hana uhai. Alikuwa wa kike.

Mume wangu alilia siku ile, sitamsingizia. Alinishika miguu akaniomba nisimweleze mtu yeyote, nikakubali, na Bi Mwana nikamwomba hivyo hivyo. Mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki. Tangu hapo mume wangu hajawahi kumtaja yule mtoto ndani ya nyumba yetu. Hata mara moja.

Sasa wiki iliyopita vijana wa kata wakaandaa mdahalo wa wagombea kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikaa viti vya mbele, nimevaa kitenge cha sare na akina mama wa kampeni, nilikishona mwenyewe. Mama mmoja akauliza wagombea watawasaidiaje wajawazito. Mume wangu akachukua maikrofoni.

"Ndugu zangu, mimi nimezika," akasema. "Binti yangu Neema alikufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuja. Na muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo ni huyu mama anayewaomba kura. Mke wangu, simama wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, akina mama wengine wakafuta machozi. Mimi sikusikia hasira wala uchungu. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikawa nafunga kifuniko na kukifungua. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, hilo jina la Neema kalitoa wapi. Mtoto wetu hatukumpa jina.

Bi Mwana akapewa dakika mbili za kujibu. Alisimama akanitazama. Nikaangalia chini. Akasema, "Pole, mwanangu." Kisha akamgeukia kijana anayeongoza mdahalo, "Hilo sina la kujibu. Niulizeni jingine." Uwanja mzima ukamzomea.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza mume wangu, "Hukuogopa kwamba atasema?"

Alikuwa anavua viatu. "Aseme vipi? Si kungwi wako huyo?" Halafu akaomba chai. Nikamtengenezea, nikamtilia na iliki kama anavyopenda.

Tangu siku hiyo Bi Mwana anaitwa muuaji. Sokoni wanamgeuzia migongo, wanawake ambao yeye ndiye aliyewazalisha. Juzi nilikwenda kwake, nikamkuta anachambua mchicha barazani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamwambia, "Somo, sema. Nakuruhusu."

Akatikisa kichwa. "Nikisema mimi, watasema mgombea anatafuta kura. Na sikukucheza ngoma ili nije kukuvua nguo uwanjani. Siri ni yako. Ukitaka itoke, itoe kwa mdomo wako. Usipotaka, mimi nitakufa nayo, wala sitakununia." Akanifungia mchicha niende nao nyumbani.

Mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, nashona sare za kampeni. Watoto wakiniita naitikia mara ya pili au ya tatu. Najiuliza kama nina moyo au nimebaki mwili.

Kesho kutwa mume wangu anafunga kampeni kwenye uwanja ule ule. Ameniandikia maneno kwenye karatasi, nizungumze kama mama aliyefiwa. Mstari wa kwanza unasema, "Mwanangu Neema angekuwa darasa la kwanza." Ananifanyisha mazoezi kila jioni, ananisahihisha pale ninapoharakisha. Nikiisoma karatasi hiyo, nimemzika Bi Mwana akiwa hai. Nikisema ukweli, nimevunja ndoa yangu, na watoto wangu wawili watasikia mbele ya kata nzima kwamba baba yao ndiye aliyelizuia gari. Nikikataa kupanda jukwaani, uongo unabaki kama ulivyo.

Msinitukane, nishaurini. Wale mliowahi kufiwa na mtoto, na wale mliofundwa mkafundika, niambieni. Karatasi ninayo hapa juu ya cherehani. Nikipewa ile maikrofoni, niseme nini?