Mguu Aliouficha Kapya

Watu wa Kenya, mtaa wetu huu wa Élisabethville, wakimwona mume wangu anapita na fimbo yake husema, "Maskini, kukimbia kulimvunja." Uongo mtupu! Kukimbia hakukumvunja Kapya. Nimechoka kulisikia neno hilo, na leo nitasema mambo yalivyokuwa. Anayetaka kununa na anune.

Kapya aliitunza miguu yake kuliko mwanamke anavyotunza mimba ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa namcheka. Hakukimbia hata mara moja bila kwanza kutembea taratibu, kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, hadi jasho limtoke kidogo. Barabarani hakukanyaga katikati, mahali malori yalipopashindilia pakawa pagumu. Alifuata ukingo, kwenye majani. Bukari, ugali wetu wa huku, alikula mapema, tena kidogo, nami nikawa nanuna kwa kudhani mboga yangu haina ladha. Jumatatu hakukimbia kabisa. Siku hiyo alikuwa akiloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, kisha anaikanda kwa mawese kuanzia vidoleni, akibonyeza hapa na pale kutafuta panapouma.

"Baba Claudine, weye iko bwana ao iko bibi harusi?" nilimuuliza. "Kila Jumatatu kujipakaa mafuta tu!"

"Mama Claudine, hii miguu njo jembe yangu," akasema. "Ikiharibika, tutakula nini?"

Hakuwa anatania. Miguu hiyo ndiyo iliyomtoa shimoni. Yeye na kaka yake Chomba waliandikwa kazi pamoja katika kampani, wakateremshwa chini ya ardhi huko migodini, safari ya lori kutoka Élisabethville. Siku moja mwamba ukamwangukia Chomba, na Kapya ndiye aliyemfukua kwa mikono yake, amekwisha kufa. Tangu hapo akawa anashuka huku anatetemeka mwili mzima. Mwaka uliofuata kampani ilifanya michezo ya wafanyakazi, Kapya akawaacha wote nyuma katika mbio ndefu, na mzungu wa michezo akampenda. Alimtoa shimoni akampa kazi ya juu, kukata majani ya kiwanja cha mpira na kuchora mistari kwa chokaa. Tukapata nyumba katika kambi ya wafanyakazi ya mjini. Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kushinda. Kila mwaka kampani zilishindanisha wakimbiaji wao, kuuzunguka mji mzima, na wazungu waliwekeana dau la wiski juu ya miguu ya waume zetu.

Mzungu huyo tulimwita Bwana Filimbi, maana filimbi haikumtoka shingoni. Mwanzoni alimwacha Kapya ajitunze anavyojua, na Kapya akashinda mwaka wa kwanza, akashinda na wa pili. Mwaka wa tatu huyo mzungu, sijui alisoma wapi, sijui aliota, akaja na akili mpya. Mbio kila asubuhi, Jumatatu pia, katikati ya barabara ile ngumu, naye akimfuata kwa pikipiki na kupuliza. Kapya alipomwomba angalau siku moja ya kupumzika, alimjibu kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha, "Hapana! Weye muvivu!" Muvivu! Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo! Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Mvua zilikuwa hazijaanza nilipoona mume wangu ana shida. Njiani alitembea vizuri, akiamkia watu. Akishaingia ndani na mlango ukifungwa, alishika ukuta. Nikamketisha kwenye kigoda, nikapitisha kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu wake wa kushoto. Palikuwa na mahali padogo pamevimba, pana moto. Nilipopagusa alivuta pumzi kwa meno.

"Njo hapa inauma?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya nini? Jasho inakutoka! Kesho unaenda kwa munganga wa kampani."

"Siendi."

"Unaenda!"

"Munganga atamwambia Bwana Filimbi. Umesahau Nkandu?"

Nani angemsahau Nkandu? Alikuwa akikimbia pamoja na Kapya. Akasema goti linamuuma, munganga akaagiza apumzishwe, na kabla wiki haijaisha alikuwa juu ya lori la shimoni na godoro lake. Kampani haikuwa na kazi ya juu kwa mkimbiaji asiyekimbia.

"Ni mufupa, baba Claudine," nikamwambia. "Mufupa inaomba kupumuzika. Si weye mwenyewe unasemaka vile?"

"Najua, tena najua muzuri kabisa. Kama napumuzika sasa, itapona. Lakini kama napumuzika, nashuka kwa shimo." Akanikazia macho. "Na weye ukienda kumwambia ule muzungu, njo utakuwa umenipeleka kwa Chomba."

Nilisonya, nikaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Basi tukaishi hivyo. Kila asubuhi alikwenda kuuharibu mguu na kila jioni mimi nikaukanda, kazi ya kijinga kama kuchota maji kwa kikapu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Bwana Filimbi na pikipiki yake, nikawakasirikia hata majirani waliokuwa wakimpigia makofi akipita. Dawa yake aliijua. Haikuuzwa popote, haikuhitaji sindano. Ilikuwa kulala tu nyumbani kwake na kuuacha mfupa ujiunge. Mtu mzima, baba wa mtoto, na hakuwa na ruhusa ya kulala!

Siku ya mashindano nilisimama kwenye kona, pale barabara inapotoka Kenya kuelekea mjini, Claudine mgongoni. Watu walijaa kila upande, wengine juu ya paa. Kapya alitokea wa kwanza. Wote waliangalia jinsi alivyowaacha wenzake mbali. Mimi niliuangalia uso wake, ulikuwa wa kijivu. Nikapiga kelele, "Baba Claudine, acha! Kaa chini!" Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu mama anamutilia bwana yake mukosi." Kapya akapita bila kunitazama.

Nikakata njia ya mkato kuelekea kiwanjani, mtoto akilia mgongoni. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti, mstari wa mwisho unaonekana kabisa, mguu ameushika kwa mikono miwili. Na watu! Watu wa kambi yetu, wale wale niliochota nao maji, walikuwa wakipiga kelele, "Simama, Kapya! Simama!" Bwana Filimbi alikuwa amemwinamia, anampulizia filimbi sikioni. Hakuna aliyesema mwacheni. Mimi nilisema, lakini nani alinisikia?

Akasimama. Ee Mungu, alisimama kweli, akapiga hatua moja, na mfupa ukakatika. Niliusikia. Wenzake wakampita mmoja mmoja, na Bwana Filimbi akatupa kofia yake chini kwa hasira ya wiski yake.

Hospitali walimfunga plasta. Ilipotolewa, mguu wa kushoto ulikuwa umejiunga umepinda, mfupi kuliko mwenzake. Kampani ikamwambia kazi imekwisha. Hata shimoni hawakumtaka, maana kule pia wanahitaji mtu wa miguu miwili. Lile shimo aliloliogopa mpaka akauua mguu wake, nalo likamkataa. Tukaondoka kambini, tukaja hapa Kenya kwenye chumba kimoja. Mimi nauza dagaa sokoni, yeye anashona viatu vya watu mlangoni.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, akaja kijana wa watu aitwaye Mukuka, mkimbiaji mpya wa kampani. Nyumba yetu ya kambini ndiyo aliyopewa, yeye na mkewe mjamzito. Nilitaka kumchukia, lakini alisalimia kwa adabu, akavua kofia. Na Kapya alivyofurahi! Sijamwona amefurahi vile tangu aanguke. Akampa kigoda chake mwenyewe, akaanza kumweleza habari za kutembea kwanza, za kufuata majani, za Jumatatu. Mukuka alisikiliza, kichwa chini. Kisha akapandisha suruali mpaka gotini.

Kapya akaweka kidole juu ya mfupa wa mbele. Mukuka akaruka.

"Pumuzika," Kapya akasema. "Ata miezi mbili. Usikimbie kabisa. Itapona, mi nakuambia."

"Baba, sikukuja juu ya ile." Mukuka alikuwa anaona haya hata kutuangalia. "Kule kambini bantu banasema weye ulikimbia na mufupa ya vile siku mingi, na Bwana Filimbi hakuona kitu. Nilikuja kukuuliza ulifanya namna gani."

Nikainuka. "Toka! Toka kwangu na huo muguu yako! Haumuone huyu? Iko mbele yako! Unataka akufundishe kuvunjika?"

"Mama Claudine, acha," Kapya akasema.

"Siachi!"

"Bibi yake iko na mimba. Unataka ashuke kwa shimo?"

Nikarudi kukaa na hasira zangu. Kapya akashika ukuta akainuka. Akaiweka fimbo pembeni.

"Ikiuma sana, cheka," akamwambia. "Cheka na nguvu, kusudi bakuangalie ku uso. Akikuita, usimwendee mbio. Inama, jifanye unafunga kamba ya kiatu, muguu ipate kutulia. Usikanyage na kisigino. Kanyaga vile." Na mume wangu, na ule mguu wake uliopinda, akavuka chumba bila fimbo kumwonyesha. Mambo hayo hakuwahi kuniambia hata mimi niliyemkanda kila jioni. "Na kwa nyumba, usijifiche kwa bibi yako. Yee hatasema kitu."

Nilitazama ukutani.

"Sasa weye," Kapya akasema.

Mukuka akaishusha suruali ikafunika mguu, akavuka chumba chetu huku anacheka kama alivyofundishwa. Alitembea vizuri sana. Kama nisingekuwa nimeuona mguu ule kwa macho yangu, ningeapa kwamba huyu ni mzima.