Hesabu ya Kilimani

Mervyn Tuckwell alisambaza barua mjini Bowen mpaka akastaafu, na soksi zake ndefu zilijulikana mitaa yote. Lakini kazi aliyoipenda haikuwa na mshahara. Kila mwezi, kwa miaka ishirini na minane, alihesabu vipepeo mahali patatu: kwenye mikoko, kwenye korongo la kijito, na kileleni mwa kilima. Miezi ya ukavu, vipepeo weusi hujazana korongoni kivulini, maelfu, wamening'inia matawini kama majani yaliyonyauka. Mvua zikija hutawanyika, na kilima nacho huchangamka: madume hupanda kileleni kungoja majike, wakizozana mchana kutwa kama vijana nje ya ukumbi wa dansi.

Februari hii goti lake likagoma. Mikoko alishaimaliza, korongo pia. Kilima kilibaki, na mwezi ulikuwa unaishia kesho. Dada yake Noelene, asiyeweza kukaa chumba kimoja na nondo, alivaa kofia pana akapanda.

Saa nne alipiga simu. Mervyn alikuwa jikoni, mguu juu ya kiti, pakiti ya njegere za barafu gotini.

"Haya mzee, nimefika. Pumzi zimebaki chini huko."

"Unaona nini?"

"Wanne wa njano. Kuna kimoja kidogo cha buluu, kikorofi. Kimemfukuza nyigu."

"Andika. Sasa tazama ule mti ulio hapo kileleni, juu kabisa. Mkubwa, rangi ya maziwa, mikia miwili kila upande."

"Hayupo."

Mervyn alitazama daftari. Kwenye mstari huo alikuwa ameshaandika, kwa penseli, tatu. Kila Februari walikuwa watatu, au wawili wakipungua sana.

"Ngoja kidogo. Huwa wanachelewa."

Noelene alingoja saa nzima, akila biskuti na kulalamikia jua. Aliuzunguka mti mara mbili.

"Hayupo, Merv."

"Dada, miaka yote hiyo hawajawahi kukosa. Labda hujui kutazama."

"Najua kutazama. Nilikulea wewe, nikakutoa juu ya kila paa la mtaa huu." Akaongeza: "Niambie tu. Unataka nione, au unataka niseme?"

Njegere zilikuwa zimeanza kuyeyuka, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi. Mervyn alifikiria Februari zote zile, na jinsi mkono ulivyoandika leo kabla ya jicho lolote kufika kule juu. Akajiuliza ni mara ngapi mkono huo ulimtangulia hata yeye mwenyewe akiwa kileleni.

"Merv? Umelala?"

"Nipo."

Akachukua kifutio, akafuta tatu mpaka karatasi ikachakaa, akaandika sifuri. Kisha akashuka hadi chini ya ukurasa, mahali pa jina la aliyeona, ambapo hapajawahi kuandikwa jina jingine zaidi ya lake.

"Noelene, jina lako la kati unaliandikaje? Daftari linataka majina yote."

"Kwa hati nzuri," alisema dada yake. "Sasa niambie nashukaje hapa. Yule wa buluu ananizibia njia."