Mbegu Nilizozianika

Usiku ule nililala nimekasirika, na aliyenikasirisha hakuwa mtu bali mkeka. Ulikuwa umetandikwa barazani kwangu, umejaa mbegu za mzambarau mwitu, siku ya tatu zinapigwa na jua. Nilikuwa nimezigeuza asubuhi, mchana na jioni kama ninavyogeuza maharage, na bado moyo haukutulia. Ndani kabisa nilijua kwamba hata hizi hazitaota. Nilijua, ila sikutaka kujua.

Mimi ndiye mtunza mbegu wa kikundi chetu, na zamu za kumwagilia kitalu huzipanga mimi. Tuko watu ishirini na kitu, wengi wetu wanawake, na kazi yetu ni msitu wa kijiji ulioko juu ya chemchemi, msitu mkongwe ambao babu zetu waliukuta na hawakuukata. Kila Alhamisi ni msaragambo. Wengine hufyeka njia ya kuzuia moto, wengine hung'oa vichaka vya kigeni vinavyonyemelea pembezoni, wengine hushinda kitaluni wakijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, na saa saba tunakula pamoja makande yaliyopikwa hapo hapo. Naipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Hata asiyenipenda siku hiyo huniazima panga.

Sasa, mwaka ule wa upepo mkali, mizambarau mwitu miwili mikubwa iliangukiana, ikaacha uwazi juu kidogo ya chemchemi. Jua likaanza kuingia mahali ambapo halijawahi kuingia, na maji yakaanza kupungua. Tukakubaliana kuuziba uwazi ule kwa watoto wa miti ileile, kwa kuwa mzambarau mmoja ulibaki umesimama. Mti huo hauzai kila mwaka. Ulipozaa mara ya kwanza tukaokota, nikazianika mbegu juani mpaka zikalia ukizitikisa, maana ndivyo nilivyofundishwa kwenye semina ya mahindi na maharage. Nina daftari la semina ile mpaka leo.

Aliyenipinga alikuwa mmoja tu, shoga yangu Zuhura. Alisimama mbele ya kikundi, mikono kiunoni, akasema, "Hadija, hizi si maharage. Zitie udongoni leo leo." Nami, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, nikamjibu, "Wewe umesomea wapi, bibi?" Watu wakacheka. Zuhura hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko wote waliokuwepo. Alicheka pamoja nao, akakaa chini, akaanza kujaza viriba.

Hazikuota. Nikalaumu udongo. Mti ulipozaa tena nikalaumu panya, na baada ya hapo nikalaumu kivuli. Zuhura alifariki msimu wa baridi uliopita, homa ya siku nne tu, na kati yetu wawili neno lile halikuwahi kutajwa tena. Tulikwenda kuni pamoja, tulisukana nywele, tulisengenya waume za watu, lakini neno lile tulilipita kando kila siku. Mwaka huu mti umezaa kwa mara ya tatu. Na Jumatano hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Hoza, alipita kwangu akautazama mkeka, akaniambia bila ukali, "Kesho tutaamua, Hadija. Watu wamechoka. Wanataka tupande mikaratusi pale, angalau inaota." Mikaratusi juu ya chemchemi. Kila mtu anajua mkaratusi unavyokunywa maji. Nikalala na hasira zangu.

Nikaota ni mchana. Niko barazani, jua ni jeupe, na Zuhura ameketi ukingoni mwa baraza, miguu inaning'inia, amevaa yale mabuti yake ya mvua, la kushoto limetoboka kidoleni. Sikushtuka. Nilijua amekufa na sikuona ajabu, kama vile amesafiri kwa dada yake na sasa amerudi. Nilifurahi tu. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kumsalimia.

"Nipe maji," akasema.

Nikaingia ndani nikateka kwenye mtungi, nikamletea kikombe kimejaa. Hakunywa. Alikiinamisha polepole juu ya mkeka, maji yakatiririka katikati ya mbegu, na mbegu zikaanza kung'aa. Nami, hata ndotoni, ni Hadija yule yule. Nikamdaka mkono. Nikamwambia ataziozesha, nimezigeuza siku tatu, anajua kazi niliyofanya? Ananitazama. Ana lile jicho lake la kusubiri mtu amalize upuuzi wake. Mkono wake ni wa baridi kidogo, una unyevu, kama mkono wa mtu aliyetoka kufua mtoni.

Halafu hatuko barazani. Tuko chini ya mzambarau, msituni, na ardhi yote ni ya zambarau zilizoanguka, huwezi kuweka mguu bila kukanyaga. Hondohondo wanapiga kelele huko juu, na mbega wanarushiana matawi. Zuhura anaokota na kula. Midomo yake imekuwa myeusi, meno pia, na anatema kokwa chini moja moja bila haraka, na kila anapotema anaifukia kwa kisigino cha buti. Namwona anafanya hivyo akizunguka mti, kisigino, hatua, kisigino, kama anacheza ngoma ya peke yake. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu alipoondoka.

Hondohondo mmoja akaangusha kokwa karibu yangu. Zuhura akanyoosha kidole juu.

"Na hawa," akasema, "nani huwaanikia?"

Nilitaka kumwambia habari za daftari, lakini nikijipapasa nakuta sina daftari, nina kikombe kile kile kitupu. Nikageuka nikiweke chini, na nilipoinua uso tuko kitaluni. Ni asubuhi ya ukungu. Viriba vimepangwa safu kwa safu, vyeusi, vitupu, hakuna hata jani. Naye anapita katikati yake na keni la kumwagilia, anainama, anamwaga, anasogea, anainama. Nikaijua asubuhi ile. Hiyo haikuwa ndoto, hayo yalitokea kweli, miezi mitano mfululizo, zamu baada ya zamu. Nilikuwa nampita njiani nikienda shambani na kumpungia mkono.

Hapo moyo ukaniuma. Nikamfuata safu hadi safu, na kila nikimkaribia yuko safu nyingine. Mwishowe nikasema kwa sauti, "Zuhura, ulijua hazitaota. Kwa nini ulimwagilia?"

Akasimama, akaweka keni chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ulinipangia zamu," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia leo ni siku gani. Ningefurahi kama angenitukana. Nikataka kumshika, nikataka kusema lile neno ambalo kwa miaka yote ile sikulisema, na mdomo wangu ukawa mzito, umejaa kitu. Nikatema mkononi. Ilikuwa kokwa ya zambarau, mbichi, imelowa.

Ukungu ukafunguka, na tuko makaburini. Mimi siku aliyozikwa sikufika huko. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na matandiko na vilio vyetu, na wanaume ndio waliomsindikiza. Lakini ndotoni niko pale pale ukingoni, na Zuhura yuko pembeni yangu, bega kwa bega, tunatazama wanaume wakimshusha yeye mwenyewe katika sanda. Udongo ni mweusi na umelowa, una harufu ya mvua. Namwona Mzee Hoza anapokea jembe, anafukia, anampa mwingine. Hakuna anayelia. Zuhura anaangalia kazi ile kwa makini, kama anavyoangalia mtu akipanda mche, na ananong'ona karibu na sikio langu.

"Nilikufa alfajiri, Hadija. Mpaka alasiri mmeshanizika. Hamkunianika."

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nililala vile vile nikitazama dari, machozi yananitiririka masikioni, na huku nacheka. Marehemu gani anatoka huko aliko kuja kukutania namna hiyo? Ila alikuwa yeye. Hakuna mwingine ambaye angelisema vile.

Nikatoka barazani bila viatu. Nikachukua mbegu moja kutoka mkekani, nikaipasua kwa meno. Ndani ilikuwa kahawia, imenyauka, inavunjika kama biskuti. Nikapasua ya pili na ya tatu, zote zilikuwa hivyo hivyo. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia nililoleta jana yake jioni, zambarau ambazo sikuwa nimezimenya kwa sababu ya uchovu, zimeanza kutoa maji na kunuka. Nikaingiza mkono, nikatoa moja, nikaiondoa nyama, nikapasua kokwa. Ilikuwa kijani. Kijani kabisa, inateleza, na ladha yake chungu ikanikaa mdomoni. Nikakaa chini palepale nikiwa na nusu zile mbili kiganjani. Miaka yote hiyo kumbe zilikuwa zinakuja kwangu zikiwa hai.

Saa mbili nilikuwa kitaluni, gunia mgongoni. Watu walikuwa wameshakusanyika kwa msaragambo, na Mzee Hoza alikuwa anasafisha koo ili afungue kikao cha mikaratusi. Nikamwomba anipe nafasi mimi kwanza. Kulala na hasira ni rahisi kuliko kusimama mbele ya watu wanaokujua.

"Mnakumbuka siku Zuhura aliposimama hapa," nikasema, "akasema mbegu hizi zitiwe udongoni siku hiyo hiyo. Mimi nikamwuliza amesomea wapi. Mkacheka. Basi yeye ndiye aliyejua, na mimi ndiye niliyeziua mbegu mara mbili, na mkeka wa tatu uko kwangu mtautazama wenyewe. Sikumwomba radhi akiwa hai. Naomba leo, mbele yenu, kwa kuwa nilimdhalilisha mbele yenu."

Nikawapasulia mbegu mbili, moja ya mkekani na moja ya gunia, zikapita mkono kwa mkono. Akina mama walizinusa, wakazibonyeza kwa kucha. Mzee Hoza alizishika muda mrefu kuliko wote.

"Nani kakufungua macho?" akaniuliza.

"Zuhura."

Aliniangalia, halafu akaangalia viriba vitupu. Yule mzee alikuwa mmoja wa waliomfukia, wanaume walitusimulia waliporudi.

"Mikaratusi ingoje," akasema. "Nani ana ndoo?"

Siku ile njia ya moto haikufyekwa. Nusu yetu tulikwenda mzambaraoni na ndoo na vikapu, tukaokota zilizoanguka asubuhi hiyo, na nusu wakabaki kumenya na kufukia, mbegu moja kwenye kila kiriba, kina cha kifundo cha kidole. Watoto waliotufuata walirudi na midomo myeusi kama ya Zuhura ndotoni, maana nusu ya mavuno waliyala njiani, na hakuna aliyewakaripia. Makande yaliungua chini na tukayala. Safu za Zuhura, zile alizokuwa akizimwagilia, nilizipanda mimi peke yangu, na nikaandika jina langu kwenye zamu ya kuzimwagilia mpaka mvua za masika.

Adhana ya alasiri ilitukuta tukifukia za mwisho.