Gaju Anarudi na Matako

Siku ya ine, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu asubuhi, mulima hauonekani.

Mutoto wangu alinionyesha mu telefone sinema ya zamani sana, michoro inayotembea, bila sauti hata kidogo. Anasema watu walichora picha moja moja, wengine wakatia rangi kwa mukono. Hapo pua yangu ikasikia harufu ya kokwa ya avoka, yaani parachichi. Sikusoma sana, pengine nasahau kitu, lakini naandika vile nakumbuka.

Tulikuwa Karuba. Papa alipeleka ngombe yetu mwekundu, Gaju, kule Mushaki, mahari ya kaka mukubwa. Tulifurahia bibi-arusi, lakini mudogo wetu Eliya, wa miaka ine, alikataa kula siku mbili. Mama akamupa maziwa. Akauliza, "Ni ya Gaju?" Haikuwa ya Gaju. Akageukia ukuta.

Njo nikatwaa kaye, daftari yangu ya hesabu, nikachora Gaju kwenye pembe ya kila ukurasa: kwanza yuko mulangoni, kisha anazidi kuwa mudogo, mpaka anapotelea mulimani. Ukiachilia kurasa haraka na kidole, anatembea. Rangi ilikuwa wazo la dada Neema, nisijisifu. Alikuna kokwa ya avoka ndani ya maji, akapaka na unyoya wa kuku. Alianzia mwisho, kwa vile ngombe wadogo ni wepesi kupaka. Lakini maji ya kokwa mwanzo ni meupe, yanakuwa mekundu polepole. Alipofika kwa Gaju wa mulangoni, yalikuwa mekundu kabisa.

Tukamuonyesha Eliya. Gaju akaondoka, akafifia, akaisha. Mutoto akalia kupita siku ya kwanza.

"Umemufukuza mara ya pili," Neema akaniambia.

"Na wewe umemufuta."

Tukiwa tunagombana, kilio kikakatika. Eliya alikuwa ameshika kaye, kidole kinaanzia nyuma. Gaju akatoka mulimani, mweupe, kinyumenyume, akizidi kuwa mwekundu mpaka mulangoni.

"Iko anarudi," Eliya akasema. "Lakini anarudi na matako."

Neema alicheka mpaka akaketi chini. Mama akauliza toka jikoni, "Mwenye ngombe anakula ao hakuli?"

"Nakula," Eliya akajibu.

Miaka mingi nilijisifu kwamba mimi njo nilimurudisha Gaju. Si kweli. Mimi nilichora kuondoka tu, kwa kuwa njo nilichoona. Kurudi kulikuwa ndani ya kaye ile ile, na aliyekuona ni yule aliyemutaka Gaju zaidi. Hesabu sikufaulu mwaka ule, lakini hiyo si kosa ya Gaju.

Jioni tumekula fufu na maharage, na avoka. Eliya, sasa papa wa watoto watano, alijikinga mvua kwetu. Alikula sahani mbili, kokwa akaitia mufukoni.