Ndoo ya Mama Nyamizi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa na karatasi za chuo mapajani, sijui nicheke au nilie. Nilikuwa kiongozi wa afya wa wanafunzi hapa Tabora, na karatasi zile ziliuliza kama tunaridhika na usafi wa kantini. Karibu wote walijibu: naridhika sana. Na hao hao, wiki ile ile, walikuwa wamepanga foleni chooni wameshika matumbo.

Nilichanganyikiwa kweli. Kumbe kosa lilianza kwangu. Karatasi niliwagawia pale pale mezani, Mama Nyamizi mpishi akiwa amesimama na upawa wake. Sasa nani amwambie mtu wa rika la mama yake, ambaye ametoka kumpa shikamoo naye akamwongezea maharage, kwamba ndoo yake ya kusuuzia vikombe ina makombo ya ugali yanayoelea? Hata mimi niliiona. Hata mimi niliandika naridhika sana, na maharage nikala.

Bwana afya akaja, akafunga kantini. Nikaenda Ipuli, nyumbani kwake, kumpa pole Mama Nyamizi. Nilimkuta anapapasa ukuta, anatafuta kiti chake mwenyewe.

"Maji yale uliyaona?" akaniuliza.

"Niliyaona, mama."

"Kila siku nawauliza, 'Wanangu, maji bado yanafaa?' Mnasema yanafaa. Macho yangu yana ukungu, mwaka wa pili huu. Nilikuwa naona kwa macho yenu."

Kantini akapewa mtu mwingine, yeye akarudi kwao Isikizya. Mpaka leo najiuliza: nilimheshimu yule mama, au niliheshimu sahani yangu? Wazee husema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini maradhi yalikuwa ya ndoo yake, na mfichaji nilikuwa mimi. Hapo ndipo akili yangu hukwama.

Basi, mwanangu, ukiona uchafu kwa mkubwa wako, usimwaibishe mbele za watu, wala usimnyamazie. Ngoja abaki peke yake, mwamkie vizuri, kisha sema, "Mama, maji haya tuyabadilishe," na ndoo uinue wewe. Mungu akujalie macho mazima, na siku utakapohitaji ya wenzako, akupe watu watakaokuambia wanachokiona.